Kuamuka katikati ya usiku: mambo yenye kusaidia usingizi ufike mpaka asubui

Ni saa nane ya usiku mu Goma. Mvua imenyamaza, jenereta ya jirani imezimwa, mbwa anabweka mbali. Mu nyumba moja mutu anafungua macho. Anakamata simu, anaangalia saa, anaanza kuhesabu: kama nitalala sasa, nitapata masaa matatu. Moyo unapiga, mawazo ya franga za shule na ya bei ya unga yanaingia, na usingizi unakimbia kabisa. Kesho yake anapita ku famasi ya mutaa na kuomba kidonge kimoja cha kulala. Kisha mwezi mumoja, hawezi tena kulala bila kile kidonge.

Hii njia watu wengi wa Kivu wanaijua. Mara mingi shida haianzi na kuamuka kwenyewe. Inaanza na vita yenye mutu anapigana na usingizi kisha kuamuka. Na kuko mambo yenye yamepimwa, yenye hayaombe franga, yenye yanaweza kumaliza hiyo vita.

Kuamuka usiku, peke yake, haiko ugonjwa

Usingizi hauko kama shimo moja yenye mutu anaingia mangaribi na kutoka asubui. Unakwenda kwa mizunguko. Kila muzunguko unachukua karibu saa moja na nusu, na usiku muzima unakuwa na mizunguko 4, 5 ao 6. Mwisho wa kila muzunguko, ubongo unapanda karibu ya kuamuka. Mutu anageuka, anavuta blanketi, anasikiliza kidogo, kisha anashuka tena. Asubui hakumbuke kitu.

Usingizi muzito zaidi uko mu sehemu ya kwanza ya usiku. Kuanzia saa saba ao saa nane ya usiku unakuwa mwepesi, na ndoto zinakuwa nyingi. Njo maana watu wengi wanaamuka ku masaa ile ile. Wenye umri mukubwa wanaamuka zaidi, kwa sababu usingizi muzito unapunguka na miaka.

Ku Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, watafiti walifuata usingizi wa Wahadza, watu wenye wanaishi kwa kuwinda na kuokota chakula mu pori. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2017. Watu wakubwa 33 walivaa kifaa cha kupima usingizi kwa siku 20. Mu zile siku zote, wakati wenye wote walikuwa wamelala pamoja ulikuwa dakika 18 tu. Kila saa ya usiku kulikuwa mutu mwenye yuko macho ao mwenye usingizi wake ni mwepesi. Watafiti waliona kama ni aina ya uzamu wa asili: kikundi kinalindwa bila mutu kuambiwa alinde. Kwa hiyo mutu mwenye anaamuka usiku hajaharibika. Mwili wake unafanya kazi ya zamani.

Shida inakuwa shida ya kweli wakati mutu anakosa usingizi karibu mara 3 kwa wiki ao zaidi, kwa muda wa miezi 3, na muchana wake unaharibika: anachoka, anakasirika bure, anasahau, anasinzia kazini. Hapo njo waganga wanasema ni ugonjwa wa kukosa usingizi.

Vitu viwili vyenye kuongoza usingizi

Cha kwanza ni njaa ya usingizi. Kadiri mutu anakaa macho, kitu chenye kuitwa adenozini kinajaa mu ubongo, na usingizi unakuwa muzito. Mwenye analala masaa mawili ku saa tisa ya muchana anakula ile njaa mbele ya wakati. Usiku unafika, lakini njaa imebakia kidogo.

Cha pili ni saa ya mwili. Iko ndani ya ubongo na inafuata mwangaza. Waamerika watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata zawadi ya Nobel mwaka wa 2017 kwa kuonyesha namna hii saa inafanya kazi ndani ya chembe za mwili. Mwangaza wa asubui unaipanga. Mwangaza wa usiku, kama ule wa simu karibu na macho, unaichelewesha.

Watu wa Goma, Bukavu na Uvira wako na bahati moja yenye watu wa Ulaya hawana: hapa karibu na ikweta jua linatoka na kuingia karibu ku saa kumi na mbili, mwaka muzima. Mwenye anatoka inje kila asubui, hata dakika 20 kwa kufagia kiwanja ao kuchota maji, anaipa saa yake alama ile ile kila siku. Lakini inaomba kuamuka saa moja ile ile, hata siku ya Mungu, hata kama usiku ulikuwa mubaya.

Vyenye kuamusha watu bila wao kujua

Pombe. Kasiksi, bia, kanyanga ao lotoko inaleta usingizi mbio, njo maana watu wanaiamini. Lakini kisha masaa machache, wakati mwili unamaliza kuichoma, usingizi unavunjika. Mutu anaamuka ku saa nane na moyo wenye kupiga, kinywa kikavu na haja ya kukojoa. Anasema ni mawazo, kumbe ni chupa ya jioni.

Kahawa, chai na makasu. Kafeini inazuia adenozini isisikilikane mu ubongo. Nusu yake inaweza kubakia mu damu kisha masaa 5 ao 6. Iko mu kahawa, mu chai nyeusi, mu koka, mu vinywaji vya nguvu vyenye kuuzishwa ku barabara, na pia mu makasu yenye wazee wanatafuna jioni. Mwenye kuamuka usiku ajaribu kuacha hivi vyote kisha saa nane ya muchana, kwa wiki mbili, aone.

Mukojo. Mwenye anakunywa maji mingi mbele ya kulala ataamuka. Kinywaji kikubwa cha mwisho kikuwe masaa mawili ao matatu mbele ya kitanda. Wenye wanatumia vidonge vya kukojoza juu ya tansio (ugonjwa wa shinikizo la damu) waulize muganga kama wanaweza kuvimeza asubui. Lakini mwenye anaamuka mara 3 ao 4 kila usiku juu ya kukojoa, na tena ako na kiu mingi na anakonda, apimwe sukari. Mwanaume wa miaka 50 na kupita mwenye mukojo wake unatoka kidogo kidogo, apimwe prostate.

Chakula cha usiku. Bukari ya kushiba ku saa nne ya usiku, kisha kulala hapo hapo, inaleta kiungulia. Ikiwezekana, chakula kizito kikuwe masaa mawili ao matatu mbele. Lakini kulala na njaa pia kunaamusha. Ndizi moja ao kikombe cha uji inatosha.

Kukoroma. Kuko watu wenye koo lao linafungika wakati wanalala. Wanakoroma kwa nguvu, wananyamaza sekunde nyingi, kisha wanavuta pumzi kama mutu mwenye anatoka mu maji. Wao hawajui, mwenye wanalala naye njo anajua. Hii inaharibu usingizi mara mingi kwa usiku na inapandisha tansio. Inapata zaidi watu wanene. Kulala kwa upande na kuacha pombe inasaidia, lakini inaomba kuonana na muganga.

Imbu na baridi. Mustikeri yenye imetoboka inaamusha na inaleta malaria; ishonwe, na ncha zake ziingizwe chini ya godoro. Mu Goma na Bukavu, kwenye usiku ni wa baridi, familia fulani zinaingiza mbabula ya makala mu chumba na kufunga mulango na dirisha. Ile inaua. Makala yenye kuwaka inatoa hewa yenye haina harufu wala rangi, na mutu anakufa bila kuamuka. Soksi, kofia na blanketi ya pili ni afazali kila mara.

Kitu cha kufanya wakati macho yamefunguka

Mwaka wa 1972, mutaalamu mumoja wa Marekani, Richard Bootzin, alitoa kanuni fupi zenye zinatumiwa mpaka leo. Wazo lake lilikuwa hili: mutu mwenye anakaa masaa mingi ku kitanda akiwa macho, akihesabu madeni, anafundisha mwili wake kama kitanda ni fasi ya kuhangaika. Inafaa mwili ufundishwe upya.

1. Saa isiangaliwe. Simu iwekwe mbali ao igeuzwe. Kuhesabu masaa yenye kubakia kunaamusha kuliko kelele.

2. Kama usingizi haurudie kisha wakati unaonekana kama dakika 15 ao 20, mutu atoke ku kitanda. Hii njo kanuni yenye watu wanakataa zaidi, na njo yenye nguvu zaidi.

3. Akae fasi ingine, mu mwangaza mudogo, na afanye kitu cha kimya chenye hakina haraka: kukunja nguo, kutosha mawe mu maharagi, kusali, kusikiliza redio kwa sauti ya chini. Si mutandao, si habari za vita, si kuhesabu franga.

4. Arudi ku kitanda wakati macho yanaanza kufungika, si mbele. Kama usingizi haukuje, arudilie.

5. Kitanda kibakie cha kulala na cha mambo ya bwana na bibi. Kazi, simu na hesabu zifanyiwe fasi ingine.

6. Muchana, asilale. Kama inakuwa lazima, sababu anaendesha moto ao gari, alale dakika 20 mbele ya saa tisa.

Nyumba nyingi ziko na chumba kimoja chenye watu sita. Hapo kutoka ku kitanda maana yake ni kukaa: kukamata kiti ao kirago pembeni, kuegemea ukuta, miguu chini. Kinachofanya kazi ni kuacha fasi ya kulalia, haiombe salon. Na wakati kuko milio ya risasi inje, hii kanuni inalala. Hapo watu wanabakia chini, mbali na dirisha.

Kwa mawazo, kuko njia moja nyepesi. Jioni, kama masaa mawili mbele ya kulala, mutu akamate kartasi na aandike yote yenye inamusumbua, na mbele ya kila jambo aandike kitu kimoja chenye atafanya kesho. Kisha afunge kartasi. Mwenye hajui kuandika anaweza kumwambia mwenzake. Ku saa nane, wakati wazo linarudia, jibu liko: lile limeandikwa tayari.

Kupunguza masaa ya kitanda

Mara mingi mwenye hajalala vizuri anajaribu kulala mapema. Inaonekana kuwa ni akili, lakini inazidisha shida. Mufano: mama mwenye kuuzisha sambaza anaingia ku kitanda saa mbili ya usiku (20h00) na kutoka saa kumi na moja ya asubui (5h00). Ni masaa 9. Lakini akijumlisha, analala 6 tu. Masaa 3 anageuka-geuka.

Njia yenye ilielezwa na Arthur Spielman mwaka wa 1987 inasema: apewe masaa ya kitanda sawa na yale analala kweli. Abakie macho mpaka saa tano ya usiku (23h00), na atoke saa kumi na moja kama kawaida. Siku za kwanza atachoka sana. Lakini njaa ya usingizi inajaa, na vipande vya usingizi vinaanza kuungana. Wakati analala karibu usiku wote wa yale masaa 6 kwa wiki moja, anaongeza dakika 15: anaingia saa tano kasoro robo. Wiki yenye kufuata, dakika 15 tena. Anaendelea vile mpaka anajisikia mwenye nguvu muchana. Watu wakubwa wengi wanahitaji masaa 7 ao zaidi.

Mambo mawili ya kuheshimu. Masaa ya kitanda yasishuke chini ya 5. Na hii njia haifai kwa mwenye kifafa, kwa mwenye amekwisha kuwa na ugonjwa wa akili wenye kumupandisha furaha kupita mipaka, wala kwa motari, shofele ao mwenye kupanda juu ya manyumba, mbele ya kuongea na muganga. Usingizi wa muchana unaweza kuua ku barabara.

Hizi njia, zikiunganishwa na mazungumuzo na mutaalamu, njo zenye waganga wa ndani wa Marekani walipendekeza mwaka wa 2016 kuwa matunzo ya kwanza kwa mutu mukubwa mwenye kukosa usingizi, mbele ya kidonge chochote.

Wakati woga njo unaamusha

Kuko usingizi wenye hauvunjwe na kahawa. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo ililipuka na watu wa Goma walikimbia mu giza, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka Rwanda. Mwezi wa kwanza 2025, muji ule ule ulisikia mabomu. Mwenye alipitia ile, ubongo wake unajifunza kuwa usiku njo wakati wa hatari. Mulango ukipigwa na upepo, anaruka. Ndoto inamurudisha kwenye alikimbilia.

Kumwambia mutu wa namna hiyo "usiogope" haisaidie. Kinachosaidia ni kuupa ubongo sababu ya kupumzika. Mufuko wenye kartasi za lazima, dawa na nguo za watoto ukae karibu na mulango, tayari. Watu wakubwa wa nyumba wagawane uzamu: mumoja anasikiliza mpaka saa saba, mwingine kisha. Mwenye anajua kuwa kuko mutu macho, analala. Na kama ameamuka na moyo unakimbia, aweke miguu chini, avute pumzi pole na aitoe pole zaidi, na ataje kwa sauti ya chini fasi yenye iko na vitu vyenye anaona: niko mu nyumba, huu ni ukuta, huyu ni mutoto wangu.

Kwa ndoto mbaya yenye kurudia, wataalamu wanatumia njia hii: muchana, mutu anaelezea ndoto, anachagua namna ingine yenye itamalizika, kisha anairudilia ile mupya mu kichwa dakika chache kila siku. Ni afazali ifanywe na mutu mwenye amejifunza. Mu Goma kuko kituo cha Tulizo Letu, mu Bukavu kuko SOSAME. Vyote vinatunza magonjwa ya akili na ya moyo. Hospitali ya Panzi, yenye ilianzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka wa 1999, inapokea pia wenye walitendewa mabaya ya kimwili na iko na wasikilizaji wa roho. Kwenda kwenye hizi fasi haimaanishe mutu amekuwa kichaa.

Vidonge: mulango mwepesi wa kuingia, muzito wa kutoka

Diazepamu, yenye wengi wanaita Valium, inauzishwa mara mingi kidonge kwa kidonge. Kwa siku chache, ikiandikwa na muganga, iko na kazi yake. Lakini kisha wiki chache tu mwili unaweza kuizoea: kidonge kimoja hakitoshe tena, vinakuwa viwili. Inakaa mu damu siku nyingi, na njo maana wazee wenye kuimeza wanaanguka usiku na kuvunjika mufupa. Ikichanganywa na pombe ao na tramadoli, inaweza kusimamisha pumzi.

Mwenye ameimeza kwa miezi asiikate siku moja. Kukata kwa ghafula kunaweza kuleta kutetemeka, kukosa usingizi kupita mbele, hata degedege. Inafaa kupunguza pole pole, kwa wiki nyingi, pamoja na muganga. Na asiwe na haya kumwambia ukweli wa hesabu ya vidonge.

Wakati wa kwenda ku kituo cha afya

Mutu asingoje kama anaamuka akikosa pumzi ao na maumivu ya kifua. Kama ako na jasho ya usiku yenye kulowanisha nguo, homa ao kikohozi cha wiki mbili. Kama miguu inavimba. Kama kila siku anaamuka ku saa tisa ya usiku, ana huzuni, hana hamu ya kitu, ao anawaza kujiua.

Mu Kwilu, Mai-Ndombe na Maniema kuko jambo lingine la kuangalia. Mwenye halale usiku lakini anasinzia muchana muzima, anaumwa kichwa na tabia yake inabadilika, anaweza kuwa na malale, ugonjwa wenye kuletwa na inzi ya tsetse. Unaua bila matunzo. Tangu mwaka wa 2018 kuko dawa ya vidonge yenye kuitwa feksinidazoli, na Kongo ilikuwa mu inchi zenye ilijaribiwa.

Kwa wengine wote, kazi ya kuanza leo ni fupi: saa moja ya kuamuka, mwangaza wa asubui, simu mbali na kitanda. Na macho yakifunguka ku saa nane, hakuna sababu ya kuhesabu. Mutu akae, angojee. Usingizi ukiachwa bila kufukuzwa, mara mingi unarudi wenyewe.